Wakazi wa mabondeni wahamishwe, sawa. Wapelekwe wapi?

Wakuu, kila masika hoja ni ileile: "Waliambiwa wahame wakakaidi, sasa wanalia nini?" Naomba leo tuijadili kwa uzito wake.

Mimi nakubali watu watoke Bonde la Mto Msimbazi, hapa Dar es Salaam. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 katika jiji hili, na Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Hapo sibishani na mtu. Ninachopinga ni kumhamisha mtu ukamwacha na kiwanja bila riziki.

Baada ya mafuriko yale, waathirika walipewa viwanja Mabwepande, huko mbele ya Boko, pembezoni mwa jiji. Sasa mchukue kuli wa Kariakoo, au mama anayechoma vitumbua pale sokoni alfajiri. Akiwa Jangwani, kule bondeni, alikwenda kazini kwa miguu. Akiwa Mabwepande, nauli ya kwenda na kurudi inamla mtaji kabla hajauza kitumbua cha kwanza. Wapo waliouza viwanja wakarudi mtoni, nasi tukawaita wakaidi. Mimi naona walipiga hesabu tu, na hesabu yao ilikuwa sahihi.

Njia ipo. Magomeni Kota, jirani kabisa na bonde hilo, serikali imejenga ghorofa na kaya 644 za wapangaji wa zamani zikarudishwa palepale. Kwa nini watu wa Jangwani na Kigogo wasijengewe hivyo hivyo?

*Mchangiaji wa Kivule:* Ndugu yangu, hapo sikubaliani nawe. Mimi nimenunua kiwanja changu kwa jasho, nikajenga tofali kwa tofali. Wa Magomeni Kota walikuwa wapangaji halali wa nyumba za serikali. Huyu wa mtoni kavamia. Ukimpa ghorofa mjini, kesho mabonde yote yatajaa watu wanaosubiri ghorofa.

*Mleta mada:* Uchungu wako nauelewa, kaka. Lakini huyo unayemwita mvamizi aliuziwa kiwanja mbele ya mjumbe, mkataba ukagongwa muhuri wa serikali ya mtaa, akafungiwa umeme na maji. Miaka yote hiyo nani alimwambia hapa si pake? Na karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa wapi? Jangwani hapohapo! Mabasi yameingiliwa na maji, Barabara ya Morogoro imefungwa mara ngapi. Kama wataalamu wenye ramani na vipimo waliona panajengeka, tusimbebeshe lawama yote mtu aliyetafuta chumba cha bei nafuu.

*Mchangiaji wa Gongo la Mboto:* Mnagombania watu wa chini, maji yanatoka juu. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, Kisarawe. Huku kwetu miti inakatwa, mchanga unachimbwa mtoni mchana kweupe, na udongo wote unashuka kuujaza mto kule Jangwani. Ondoeni kila nyumba bondeni, maji bado yatapanda barabarani.

*Mleta mada:* Umenena, na nakiri hoja hiyo inastahili mada yake. Ule mradi wa Bonde la Msimbazi, wenye mkopo wa dola milioni 200 uliopitishwa na Benki ya Dunia mwaka 2022, umegusa uchimbaji wa mto na daraja jipya la Jangwani. Mto na daraja vimepata mafundi wake. Mimi nabaki na watu.

Na katika hao watu, kuna kundi ambalo hakuna aliyelitaja humu: wapangaji. Fidia ya nyumba humfuata mwenye nyumba. Aliyepanga chumba kimoja Kigogo, mwenye watoto wanaosoma palepale, anabeba godoro na kwenda bonde jingine, pengine Tandale kando ya Mto Ng'ombe. Wale mnaosema fidia inatosha, naomba mnijibu: huyo mnamweka wapi?