Mjadala: Ni nani hasa aliyekichagua Kiunguja kiwe Kiswahili sanifu?

Mtoa hoja

Ndugu wasomaji, nashikilia kwamba Kiswahili sanifu ni zao la ukoloni, na kwamba watu wa Mombasa na Lamu walipokonywa nafasi yao katika lugha yao wenyewe. Mwaka 1928 wajumbe wa serikali za kikoloni na wa misheni walikutana Mombasa, mjini kwa Wamvita wenyewe, wakakubaliana kuwa lahaja ya mjini Unguja ndiyo iwe msingi wa lugha ya shule na vitabu katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Tarehe 1 Januari 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha, katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson, na kazi yake ikawa kusawazisha tahajia, kupitia miswada na kuamua kitabu kipi kinafaa kuingia darasani. Kimvita, lahaja ya Mombasa, alichokitumia Muyaka bin Haji kutunga mashairi yake, na Kiamu, lahaja ya Lamu, kilichobeba tenzi vizazi na vizazi, vikaachwa nje. Hata leo mtoto wa Mombasa akiandika "mtele" kwenye insha pale sanifu inapotaka "mchele", neno lake hupigwa mstari mwekundu kana kwamba hajui lugha aliyonyonya na maziwa ya mama. Anayeona kwamba huo si ukoloni uliobaki, naomba anieleze ni kitu gani.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mtoa hoja, kuhusu mstari mwekundu tuko pamoja. Tunapoachana ni pale unaposema uchaguzi ulifanyika mwaka 1928, kwa sababu kikao kile kilitia muhuri jambo ambalo biashara ilikwisha kuliamua kitambo.

Sayyid Said, sultani wa Oman, alipohamishia makao yake Unguja, karibu na mwaka 1840, mji ule uligeuka kuwa soko kuu la pwani yote: karafuu, pembe za ndovu na, tusifiche, watumwa. Misafara iliyopata mtaji wake Unguja ilipanda bara kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, kisha ikavuka Ziwa Tanganyika kuingia Manyema, mashariki ya Kongo. Wapagazi wake, wengi wao Wanyamwezi, walijifunza Kiswahili njiani, wakakirudisha kwao. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara hiyo, alipoamua kusimulia maisha yake aliyasimulia kwa Kiswahili, na Kiswahili kinachosemwa leo mashariki ya Kongo kina mizizi katika njia hizo hizo. Wajerumani walipoingia walikuta lugha ya kutawalia imekwisha kutandazwa, wakaitumia kupitia maliwali na maakida, na katika miaka ya mwanzo barua nyingi walizoandikiana na wenyeji zilikuwa za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, walirithi nchi ambayo shughuli za wilaya zilikuwa zikiendeshwa kwa Kiswahili.

Kama ingekuwa ni suala la Mzungu kuchagua apendacho, Kimvita kingekuwa na haki ya kutangulia. Mmisionari Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akaanza kuandika sarufi na kamusi akitegemea Kiswahili cha pale. Edward Steere, mmisionari aliyefanya kazi yake Unguja, alichapisha kitabu chake cha sarufi mwaka 1870, miaka ishirini baada ya sarufi ya Krapf. Aliyekuja nyuma ndiye aliyeshinda, na sioni sababu nyingine zaidi ya kuwa lahaja yake ilikuwa na wasemaji wengi zaidi huko bara.

Kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi. Tunasema "Unguja" kana kwamba kisiwa kizima kilinufaika. Nenda Makunduchi au Tumbatu, umsikilize mzee akizungumza na wajukuu zake, kisha uniambie ni kiasi gani cha mazungumzo hayo utakikuta katika kitabu cha shule. Kilichosanifishwa ni Kiswahili cha mji wa biashara, mji uliojaa watu wa Mrima (pwani ya bara inayoelekea Unguja), Hadhramaut, Oman, Ngazija na Bara Hindi, pamoja na maelfu waliofikishwa pale kwa nguvu kutoka nchi za Ziwa Nyasa na Manyema. Lahaja za mashamba na za wavuvi wa kisiwa hicho hicho zilitupwa kando sawasawa na Kimvita. Kwa hiyo ugomvi huu wa Mombasa na Unguja, uliotuchosha miaka yote hii, mimi nauona umekosea mpaka.

Kosa la wakoloni nalitafuta kwingine. Barua za Kiswahili zilizotoka Kilwa mwaka 1711, zikahifadhiwa Goa, ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na desturi hiyo iliendelea madukani, misikitini na majumbani hadi karne ya ishirini. Shule ya serikali ilipofundisha kwa herufi za Kilatini peke yake, mtu aliyekuwa akijiwekea hesabu zake za majahazi na kuandikiana na jamaa zake alianza kuhesabiwa miongoni mwa wasiojua kusoma. Hapo biashara haikuwa na mkono, maana wafanyabiashara wenyewe ndio walioumia.

Mtoa hoja

Nakushukuru, na hilo la herufi nalipokea. Ila hoja yako ya misafara umeisimamisha kabla reli haijafika. Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896, na mwaka 1901 reli ikafika Ziwa Viktoria. Kufikia mwaka 1928 bandari ya Mombasa ndiyo iliyokuwa ikihudumia Kenya na Uganda, na soko la Unguja lilikuwa limepungukiwa sana. Ikiwa biashara ndiyo hakimu, basi hakimu huyo alikwisha kuhamia Mombasa, na wale waliokutana walimpuuza. Kwa nini biashara ya mwaka 1850 iwe na uzito kuliko ile ya mwaka 1928?

Mchangiaji wa kwanza

Swali hilo ni zito kuliko la kwanza. Reli ilipeleka bara kahawa, pamba na walowezi, lakini haikupeleka Kimvita. Mkenya wa bara alikutana na Kiswahili shambani kwa mlowezi, katika ile lugha ya kuamrishana iliyokuja kuitwa Kisetla, ambayo hakuna Mmvita angekubali kuiita yake. Uganda nako, Kabaka Daudi Chwa, mfalme wa Buganda, aliandika mwaka 1929 kuipinga serikali isikifanye Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nchi yake. Wakati huo Tanganyika ilikuwa na shule, makarani na wasomaji: gazeti la *Kiongozi* lilichapishwa Tanga katika enzi ya Wajerumani, na *Mambo Leo* la serikali ya Waingereza lilianza mwaka 1923. Wachapaji waliotaka kitabu kimoja kiuzwe katika nchi nne waliwafuata wasomaji walipo. Nakiri kwamba hapo tunazungumzia urahisi wa serikali na faida ya mchapaji, wala si matakwa ya wasemaji.

Mchangiaji wa pili

Waheshimiwa, mnamzungumzia Johnson kana kwamba bado yuko ofisini. Shaaban Robert, mtu wa Tanga, alikuwa mjumbe wa Kamati hiyo hiyo, na aliichukua lugha ile iliyopitishwa na maofisa akaifanya ya mashairi na insha zake. Mwaka 1964 shughuli za Kamati zikahamia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili ya mwaka 1981 ilitungwa na Waafrika. Sanifu ya leo ina wazazi wengi.

Hata hivyo utaratibu wenyewe, yaani kikao kidogo kuketi na kuamua kwa niaba ya nchi kadhaa, haujabadilika sana. Kamisheni ya Kiswahili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ina makao yake Zanzibar, na nchi inazozihudumia sasa ni nyingi kuliko zile nne za mwaka 1930, Kongo ikiwamo, yenye mamilioni wanaosema Kiswahili ambacho hakuna mtahini wa Dar es Salaam wala Nairobi angekipa alama ya kupita. Ningependa ndugu hawa wawili wanijibu hili kabla hatujarudi kwa Krapf na Steere: mwanafunzi wa Bukavu akifanya mtihani wa Kiswahili wa Jumuiya, mstari mwekundu uanzie wapi, na ni nani wa kuuchora?