Beki nikizuia hamhesabu, nikiteleza mara moja mnahesabu!

Wakuu, leo niacheni niteme nyongo.

Nacheza namba nne, beki wa kati, soka la kulipwa, msimu wa sita huu. Juzi nimeletewa mkataba mpya. Sehemu ya bonasi: goli, pasi ya goli. Nikafunua mpaka karatasi ya mwisho kutafuta mechi ambazo hatujafungwa. Ipo, ya kipa! Sisi mabeki wanne tunaojirusha mbele ya mashuti hatumo hata kwa nusu mstari. Kumuuliza meneja, akacheka: "Dada, beki akifanya kazi yake hakuna cha kuhesabu."

Eti hakuna. Mbona msimu uliopita niliteleza dakika ya 88, mara moja tu, klipu ile inazunguka mpaka leo? Hiyo mliihesabu vizuri sana.

Na msidhani ni klabu yangu peke yake. Ballon d'Or ya wanawake, tuzo ya mchezaji bora wa mwaka duniani, imeanza 2018, hadi 2025 imetolewa mara saba: Hegerberg, Rapinoe, Putellas mara mbili, Bonmatí mara tatu. Beki hata wa dawa hayumo. Beki Mwingereza Lucy Bronze mwaka 2019 alikuwa bingwa wa Ulaya na Lyon, akachukua Mpira wa Fedha, tuzo ya mchezaji bora wa pili Kombe la Dunia, bado kwenye Ballon d'Or akaishia wa pili. Beki Mfaransa Wendie Renard ana mataji manane ya Ligi ya Mabingwa Ulaya. Manane! Labda walitaka na kudaka adake yeye.

Huyo Bronze mlimwona Euro 2025, robo fainali na Sweden? Uingereza wamelala 2-0, dakika ya 79 beki wa kulia ndiye anapiga kichwa cha goli la kwanza. Baadaye yuko chini kwenye nyasi, anajizungushia plasta mguuni kwa mikono yake mwenyewe. Zikaja penalti, kila timu ikapiga tano bila mshindi, akapiga ya saba kwa hasira ikazama, Msweden aliyefuata akapaisha. Fainali ilipoisha ndipo tukaambiwa mfupa wa muundi ulikuwa na ufa mashindano yote. Na mwaka huo tuzo ikaenda kwa kiungo tena.

Najua kuna atakayeniletea jina la Naomi Girma. Ndiyo, Januari 2025 beki wa kati alikuwa mwanamke wa kwanza kununuliwa kwa zaidi ya dola milioni 1, akaenda Chelsea. Nilishangilia mpaka sauti ikakauka. Lakini si ndiyo inanipandisha hasira zaidi? Wenye pesa wanajua beki ana bei. Kwangu mimi ndiyo hakuna cha kuhesabu!

Mkataba sijasaini. Nimechukua kalamu nikaandika chini ya bonasi ya kipa: "na mabeki, sawasawa." Nimewarudishia jana. Leo meneja hapokei simu.