Mdogo wangu ameniletea sale, jani letu Wachagga la kuombea msamaha, kupitia shangazi. Nikilipokea, ndiyo nimeyamaliza yote?

Mwalimu wa Moro

Habari zenu ndugu zangu. Naomba mnisomee mpaka mwisho. Jambo hili nimelibeba peke yangu, na mume wangu ameshasema ni la ukoo wetu, yeye hawezi kuliingilia.

Sisi ni watu wa Kibosho. Baba alishatangulia mbele za haki. Kwa mila zetu kihamba alichoishi baba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba, kinabaki kwa mtoto wa kiume wa mwisho, naye ndiye anayekaa na mama. Hilo hatukuwa na neno nalo. Kaka mkubwa yuko Arusha, alishapewa chake baba akiwa hai. Mimi nimeolewa, niko Morogoro nafundisha.

Hela ya mama nilikuwa naituma kwenye simu ya mdogo wangu, nikipiga naambiwa amepata. Siku moja jirani akanipigia: mama yako anapikia nje. Nikapanda basi. Nikamkuta nyuma ya banda la ng'ombe, mafiga matatu, sufuria moja, ndizi zake kazificha kwenye ndoo chini ya kitanda. Jikoni kuna kufuli. Nilipotaka kuuliza, mama akanishika mkono akaniambia ninyamaze, nisije nikamvunjia mwanawe nyumba.

Halafu likaja la shamba. Mdogo wangu akauza kipande cha chini cha kihamba, upande wa mfereji, kwa mtu asiye wa ukoo wetu. Mama hakuambiwa, sisi hatukuambiwa. Kikao cha ukoo kikaishia kwenye matusi. Kaka mkubwa akasema akifa, huyo asikanyage msibani kwake. Mimi nikajibiwa kwamba mtoto wa kike hana la kusema kuhusu kihamba. Tangu hapo sijaongea na mdogo wangu, na Krismasi iliyopita sikwenda nyumbani.

Sasa wiki iliyopita shangazi kaja mpaka Morogoro, mama wa watu na magoti yake yale. Akafungua mkoba, akatoa sale limefungwa fundo, kaliviringisha kwenye gazeti. Akasema, "Mdogo wako kanituma." Chai niliyomtengea hakuigusa, akawa ananiangalia tu. Nilimwomba aniachie nifikirie. Asubuhi akaondoka, sale akaliacha mezani.

Kwetu sale halikataliwi, Wachagga wenzangu mnajua. Lakini nikilipokea, si nitakuwa nimekubali kwamba shamba limekwenda na mama aendelee kupikia nje? Kaka mkubwa ataniona msaliti. Na mama kila akipata simu ya jirani ananiuliza kama Desemba nakuja. Nifanyeje?

Mangi wa Ubungo

Pole sana dada. Lipokee. Sale linaondoa kisasi, deni haliliondoi. Kwetu Machame nimeshuhudia mtu akipokea sale la aliyemwibia ng'ombe, wakanywa mbege, pombe yetu ya ndizi, kwenye kata moja, na ng'ombe akalipwa vilevile. Wazee ndivyo walivyoliweka: kwanza watu waweze kukaa pamoja bila kutukanana, halafu ndipo mambo yazungumzwe. Kikao chenu kilivunjika kwa sababu mlianza na shamba huku mioyo inachemka. Ila jibu lipitishe kwa shangazi yuleyule, usimpigie mdogo wako moja kwa moja. Shangazi ndiye shahidi wenu.

Binti wa Pangani

Mimi si Mchagga, mnisamehe kama nitavuka mpaka. Swali langu moja: mbona sale limekuja Morogoro wakati aliyekosewa zaidi yuko pale pale nyumbani, nyuma ya banda la ng'ombe? Kabla ya kukuomba radhi wewe mtumaji wa hela, angefungua kwanza ile kufuli. Dada, usikimbilie kusamehe kwa niaba ya mama yako.

Mwalimu wa Moro

Binti wa Pangani, umenigusa penyewe. Nilimuuliza shangazi hivyohivyo. Akasema mama alishasamehe hata kabla ya kuombwa, na hataki litajwe tena. Mimi ndiye nisiyeweza.

Bibi Upendo

Mwanangu, mimi naishi na mkamwana wangu nyumba moja, nazungumza ninachokijua. Katika maelezo yako yote sijasikia umekaa na wifi yako ukamsikiliza. Umemsikia jirani, mama, shangazi. Yeye bado. Simtetei, kumfungia mkwe jiko ni jambo baya sana. Lakini kufuli haianzi bure, na wanawake wawili kwenye jiko moja wanaweza kugombana kwa chumvi tu mpaka ukoo mzima ukagawanyika.

Fanya ya mama kwanza, usisubiri kikao. Mnunulie simu ndogo ya vitufe na umsajilie laini kwa alama za vidole vyake mwenyewe. Hela ipite kwake, amwite mjukuu amsomee ujumbe. Halafu mjengee jiko lake, hata la mbao na bati, lenye mlango na ufunguo anaoushika yeye. Wazee wengi tunapenda kupika chetu kwa saa yetu. Inauma pale unapopikia nje kwa kufukuzwa. Ukija na mafundi na mbao, hakuna atakayesema umekuja kugombana.

Mziwanda

Nimesita kuandika, ila nimeona niseme. Mimi ndiye wa mwisho kwetu, niko kihambani na wazazi, Marangu. Kuuza kihamba siwezi kukitetea, makaburi yetu yako pale. Lakini naomba mjue maisha ya anayebaki. Mama akiugua usiku ni mimi nabeba. Harusi, misiba, michango ya kanisa, jina linalosomwa ni langu. Kahawa haitoi hela ya zamani. Ndugu wanakuja tarehe 23 na magari, wanakula sikukuu, wanatukosoa, tarehe 2 wameondoka. Sijawahi kuulizwa, "Wewe unaendeleaje?"

Dada, je, kuna yeyote aliyemuuliza mdogo wako kwa nini aliuza? Nauliza kuulizwa, si kufokewa.

Msaidizi wa kisheria, Moshi

Naongezea upande wa shamba, maana hapo kunyamaza kuna hasara.

Jambo la kwanza kulijua ni kama mirathi ya mzee ilifunguliwa. Kama baba alimkabidhi kile kipande mbele ya ukoo akiwa hai, hiyo ni habari nyingine. Kama hakumkabidhi na mirathi haijafunguliwa, mdogo wako hakuwa na mamlaka ya kuuza mali ya marehemu, hata kama mila ilimtarajia kurithi. Kaeni kikao, andikeni muhtasari, mpendekeze msimamizi, mwende Mahakama ya Mwanzo na cheti cha kifo. Msimamizi akishateuliwa ana miezi 4 ya kuwasilisha orodha ya mali. Kama mnaogopana nyinyi kwa nyinyi, mnaweza kupendekeza wawili.

Pili, ardhi ya kijiji haihami kwa karatasi ya kuandikishana tu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka halmashauri ya kijiji iridhie. Nenda kwa mtendaji wa kijiji ukaulize kama jambo hili liliwahi kupita pale. Mkishindwa kuelewana na mnunuzi, mnaanzia Baraza la Kata. Tangu 2021 baraza hilo linasuluhisha tu, haliamui, na usuluhishi usipofanikiwa ndani ya siku 30 mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Na hili la mtoto wa kike kutokuwa na la kusema: mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza, katika kesi ya Holaria Pastory kutoka Kagera, ilisema mwanamke ana haki sawa na mwanamume juu ya ardhi ya ukoo. Huhitaji kumrushia mdogo wako maneno hayo. Yajue tu wewe, ukae kikaoni umenyooka.

Mwalimu wa Moro

Nimekaa na majibu yenu tangu juzi. Mziwanda, maneno yako yalinikosesha usingizi. Nikampigia shangazi nikamwambia aniambie ukweli wote. Ndipo nikajua kwamba wifi alichukua mkopo, hii mikopo ya riba kubwa wanayoiita kausha damu, kwa biashara ya mitumba ikafa. Wakaja kubeba vitu vya ndani, wakataka na ng'ombe. Mdogo wangu akauza kipande kwa aibu, akaona bora auze kimya kuliko tujue. Mama alikuwa akimsema wifi kwa huo mkopo kila siku, na kufuli ikaanzia hapo. Sijasema ni sawa. Ila sasa nakijua ninachokikasirikia.

Sale nimelipokea. Nimemwambia shangazi ampelekee jibu, pamoja na ujumbe kwamba nakuja Desemba kukaa na mama, na kwamba habari ya shamba itazungumzwa kikaoni na wote tukiwepo, wifi naye awepo. Kwa kaka mkubwa bado, naogopa.

Mangi wa Ubungo

Kaka mkubwa mpigie leo, asije akasikia kwa mtu mwingine. Usimwombe asamehe. Mwambie umepokea sale kwa ajili yako, na kikaoni unamhitaji yeye kama mkubwa aliyebaki. Mkubwa anayehitajika hasusi kirahisi.

Mwalimu wa Moro

Asante kaka, nampigia baada ya vipindi. Msaidizi, nina swali moja: shangazi anasema mnunuzi ameshashusha mawe na mchanga pale chini. Nisubiri kikao cha Desemba?

Msaidizi wa kisheria, Moshi

Usisubiri. Akishajenga, kesi inakuwa ngumu na ya gharama. Wiki hii mmoja wenu aende kwa mtendaji wa kijiji na barua kwamba eneo hilo lina mgogoro wa mirathi na mnaomba ujenzi usimame, nakala apewe mnunuzi, na yenu igongwe muhuri. Huyo naye huenda alitoa hela yake kwa nia njema, kwa hiyo mwendeeni kwa adabu, na mwulizeni alilipa kiasi gani. Mkiweza kuchangishana mkamrudishia, mtamaliza bila baraza lolote. Kama kaka yako wa Arusha anatafuta mahali pa kupeleka hasira zake, mpe kazi ya kuipeleka hiyo barua.