Beetle ya 1968 kwenye foleni ya Dar kila siku: inazima ikipata moto, naombeni ushauri

MbeziPosta68

Wakuu habarini za humu. Nina Volkswagen Beetle ya 1968, injini ya 1300 ile ile ya asili, kabureta Solex 30 PICT, umeme wa volti 12, chaji inatoka kwa dainamo. Nataka iwe gari ya kazini Jumatatu hadi Ijumaa, Mbezi hadi Posta kwa Morogoro Road, kwenda na kurudi. Bodi imenyooka na sakafu haina kutu ya kutisha.

Asubuhi inawaka mara moja. Ikikaa foleni kama nusu saa, silensa (mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga eksileta) inaanza kuyumba, inazima, na haiwaki tena mpaka ipoe. Asubuhi nikifungua mlango nakutana na harufu ya petroli. Usiku nikiwasha taa, taa nyekundu ya chaji inachezacheza kwenye silensa.

Fundi wa kwanza anasema tufungue injini, tubadilishe pistoni na silinda. Wa pili anasema niache mfuniko wa injini wazi kidogo ili ipate hewa. Hita ilishavuliwa na aliyekuwa nayo kabla, si Dar baridi hakuna. Nianzie wapi? Na kweli gari hii inaweza kazi ya kila siku?

HewaKwanza

Mkuu, injini isifunguliwe. Bado hakuna kilichopimwa.

Injini hii haina maji. Inapozwa na feni iliyofungwa nyuma ya dainamo: feni inasukuma hewa ndani ya boksi lake la bati, hewa inashuka kwenye mapezi ya silinda na kupitia kipoza oili, halafu inatokea chini. Hewa ikivujia njiani, au ile ya moto ya chini ikipanda juu na kunyonywa tena na feni, gari itachemsha hata pistoni zikiwa mpya.

Umesema hita ilivuliwa. Tazama sehemu ya chini ya boksi la feni, pande zote mbili: kuna matundu mawili ya duara, yale yaliyokuwa yanapeleka hewa kwenye mabomba ya hita. Yakiwa wazi, sehemu ya hewa ya kupoza inamwagika nje kabla haijagusa silinda. Yazibe kwa vizibo vya bati vilivyobana. Tambara halifai, litaanguka juu ya ekzosi.

Ukitoka hapo, kagua mpira mrefu unaozunguka injini yote, kati ya mabati ya injini na bodi. Huo ndio unaotenganisha chumba cha juu chenye hewa baridi na chini kwenye ekzosi. Gari nyingi hapa mjini hauna kabisa au umekatika vipande. Kila kofia ya plagi nayo ina kiraba chake cha kuziba tundu kwenye bati. Kikikosekana, hewa inatokea hapo hapo juu bila kufanya kazi.

Habari ya kuacha mfuniko wazi ije baada ya hayo. Mpira ukiwa haupo, kuuacha wazi hakubadilishi kitu cha maana, na barabarani vumbi linaingia moja kwa moja.

Tapeti015

Naunga mkono, naongeza tapeti, yaani nafasi kati ya valvu na mkono unaoisukuma. Kwenye Beetle ya kazi, tapeti zinasetiwa kila kilomita 5,000. Ukitafuta kitu kimoja cha kutoruka, ni hiki.

Kanuni: injini iwe baridi kabisa, imelala usiku kucha. Nafasi ni milimita 0.15 kwa valvu zote 8, za kuingiza na za kutoa moshi. Vifaa ni fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi), spana namba 13, bisibisi bapa na gasketi mbili mpya za mifuniko ya valvu.

Ukisimama nyuma ya gari ukitazama mbele, namba 1 ni kulia mbele, namba 2 kulia nyuma, namba 3 kushoto mbele, namba 4 kushoto nyuma. Kwenye kila kichwa, valvu mbili za pembeni ni za kutoa moshi na mbili za katikati ni za kuingiza.

Fungua kifuniko cha distribyuta (inayogawa moto kwa plagi). Zungusha krenki (shafti kuu ya injini) mpaka alama ya puli yake ilingane na mstari ambapo nusu mbili za injini zinaungana, na rota (kile kinachozunguka ndani ya distribyuta) iangalie kialama kilichochongwa kwenye ukingo wa distribyuta. Hapo seti valvu mbili za namba 1. Kisha zungusha krenki KINYUMENYUME, yaani kinyume cha mshale wa saa, nusu mzunguko. Seti namba 2. Nusu nyingine, namba 3. Nusu nyingine, namba 4. Piga doa la rangi kwenye puli upande wa pili wa alama ili nusu mzunguko usiwe wa kukisia.

Fila geji ipite kwa kukwaruza kidogo. Nati ya kufungia ina tabia ya kuvuta skrubu pamoja nayo, hivyo pima tena baada ya kukaza.

Nafasi ikiwa kubwa utasikia kelele, basi. Ikiwa ndogo, ndiyo hatari: valvu ya kutoa moshi haikai vizuri kwenye kiti chake, haipati pa kupeleka joto, inaungua. Ndiyo maana Beetle iliyonyamaza sana kwenye tapeti inapaswa kukutia wasiwasi.

DadaKabureta

Kabla hujalaumu joto peke yake, jua kinachokosekana gari inapozima: petroli au moto wa plagi. Ni kazi ya dakika mbili, pale pale foleni, gari ikishasogezwa pembeni.

Ng'oa kichujio cha hewa juu ya kabureta. Chungulia kwenye koo lake huku unasukuma mkono wa eksileta kwa kidole. Unatakiwa uone mrija mdogo unarusha petroli, mstari mmoja uliokaza. Ukirusha, petroli ipo, geukia umeme. Usiporusha, petroli imegeuka mvuke kwenye pampu au mrija. Mwagia pampu maji kidogo kwa kitambaa, subiri, jaribu tena.

Kama petroli ipo, chomoa waya mmoja wa plagi, weka plagi ya akiba, igusishe kwenye chuma cha injini, mwenzio apige stata. Cheche iwe ya buluu na yenye mlio. Ikiwa ya njano na dhaifu, au hakuna, anza na kondensa (kikopo kidogo cha umeme kwenye distribyuta). Kondensa ikichoka inafanya kazi vizuri ikiwa baridi na kugoma ikiwa moto, dalili hizo hizo ulizoandika. Ni kitu cha bei ndogo, kibadilishe pamoja na platini (vigusio vinavyokata umeme ndani ya distribyuta), uziweke nafasi ya milimita 0.4. Koili ndiyo inafuata.

Plagi ni NGK B6HS au Bosch W8AC, nafasi 0.6 hadi 0.7. Usikubali kuuziwa plagi yenye uzi mrefu (sehemu ya kufungia) kwa kuwa "zinaingia". Zinaingia kweli, hadi kwenye pistoni.

Harufu ya petroli asubuhi usiilee hata siku moja. Tanki liko mbele, ndani ya buti. Kagua raba ya shingo ya kujazia, mrija wa kupumulia wa tanki na gasketi ya geji ya mafuta. Chini ya gari mrija wa chuma unapita katikati mpaka nyuma, na kila mwisho una kipande cha mpira. Badilisha vyote pamoja na klipu. Mpira ule wenye kitambaa juu unapasuka kwa ndani bila kuonyesha nje, kwa hiyo ukunje kwa vidole: ukiona nyufa, kata.

Kuna ugonjwa mwingine unaofahamika: kibomba cha shaba kinachopokea mrija pale kwenye kabureta kinalegea na kuchomoka chenyewe, petroli inamwagikia distribyuta. Kishike kwa koleo, ukizungushe taratibu. Kikicheza, kifungwe upya kwa kubanwa au kwa kuchongewa uzi. Kichujio cha petroli nacho kisining'inie ndani ya chumba cha injini, kiweke mbele karibu na tanki. Mwili wa injini hii ni aloi yenye magnesi, ukishashika moto mtungi mdogo wa kuzimia moto hauuwezi. Mtungi wa unga ukae kwenye kiti cha mbele unapoufikia, sio nyuma.

Mwisho, vuta kijiti cha oili ukinuse. Kikinuka petroli, diafram ya pampu imetoboka au pampu inasukuma kwa nguvu mno. Hizi pampu mpya za bei rahisi zina tabia hiyo. Oili hiyo imwage kabla ya kuendesha tena.

KipozaOili

Kwa 1968 kuna la ziada. Kipoza oili kimesimama ndani ya boksi la feni, moja kwa moja juu ya silinda namba 3. Hewa inayofika namba 3 imeshapita kwenye oili ya moto. Ndiyo maana kuanzia modeli za 1971 injini kubwa zaidi zilihamishiwa kipoza nje kidogo na kupewa njia yake ya hewa. Hivyo ukipima tapeti, valvu ya kutoa moshi ya namba 3 iandike pembeni kila mara.

Oili inaingia lita 2.5 tu na hakuna filta, kuna chujio la wavu tu. Kwa joto la Dar weka SAE 30 au 20W-50, badilisha kila kilomita 2,500 kama unapita vumbi. Bati la chujio lina nati sita namba 10. Zikaze kwa mkono wa wastani, Nm 7 tu. Fundi mwenye nguvu anang'oa stadi (skrubu zilizopandwa kwenye injini) hapo, halafu anakuambia injini inavuja "kwa sababu ni ya zamani".

Kichujio cha hewa cha asili, kile cha kuogeshea oili, usikitupe. Kwa vumbi la kwetu kinashinda vile vidogo vya kromu vinavyouzwa kwa urembo.

UmemeNaBreki

Taa ya chaji kuchezacheza kwenye silensa ni kawaida ya dainamo, kwenye mizunguko midogo haitoi kitu cha maana. Ila ikiwaka ukiwa kwenye mwendo, zima injini hapo hapo. Mkanda mmoja unazungusha dainamo na feni, ukikatika huna chaji wala hewa ya kupoza. Beba mkanda wa akiba, spana 21 na bisibisi ya kuzuia puli. Mkazo uwe unaubonyeza kwa kidole gumba ushuke kama sentimita 1.5. Haurekebishwi kwa kusogeza dainamo, bali kwa kuhamisha washa (pete bapa za chuma) zilizo katikati ya puli: ukitoa washa katikati, mkanda unakaza. Washa ulizotoa zirudishe chini ya nati hiyo hiyo, zisipotee.

Betri iko chini ya kiti cha nyuma. Funika kichwa cha chanya kwa raba. Abiria mzito akikaa, springi za kiti zinagusa na kiti kinaungua.

Breki ni ngoma zote nne, zinalegea na zinahitaji kukazwa kwa mkono. Inua gurudumu, ingiza bisibisi kwenye tundu, kaza gurudumu ligome, kisha rudisha meno 3 au 4. Breki ya mkono isetiwe baada ya hapo. Hozi za mpira ni 4, na zikizeeka zinavimba ndani: gari inavuta upande au breki haziachii. Nati za nyuma za namba 36 zinataka karibu Nm 300, pamoja na pini mpya ya kufungia. Zikilegea, meno ya ngoma yanaliwa.

Upepo: kwa tairi za radial weka mbele psi 18 na nyuma 27. Wajaza upepo watakuwekea 35 kote na gari itatangatanga barabarani.

MbeziPosta68

Shukrani sana wakuu, dada asante. Nimerudi na majibu. Matundu ya hita yote mawili yalikuwa wazi. Mpira wa kuzunguka injini upo upande mmoja tu. Tapeti saba zilikuwa kati ya 0.10 na 0.20, lakini ya kutoa moshi ya namba 3 ilikubali 0.05 kwa shida. Kijiti hakinuki petroli. Sasa nifungue injini?

Tapeti015

Bado. Shika puli ya krenki kwa mikono miwili, isukume na kuivuta kuelekea mbele na nyuma ya gari. Mchezo unaokubalika ni milimita 0.07 hadi 0.13, mwisho 0.15. Ukisikia "tak" inayogonga wazi, mwili wa injini umekwisha na hesabu inabadilika. Kama haigongi, seti namba 3 iwe 0.15, ziba matundu, weka mpira wote, badilisha kondensa, kisha tembea kilomita 500 upime tena ikiwa baridi.

Ikibaki 0.15, kiu ya hewa ndiyo ilikuwa kosa, endelea na kazi. Ikiwa imerudi 0.10 au chini, kuna mawili: shina la valvu linarefuka, au kiti chake kinazama kwenye kichwa. Usiongeze nafasi ukaendelea, kwani valvu inayorefuka mwisho wake ni kukatika kichwa na kudondokea pistoni. Hapo injini inashushwa na kichwa cha upande wa 3 na 4 kinavuliwa.

KipozaOili

Na kikivuliwa, valvu za kutoa moshi ziwe mpya pamoja na gaidi zake (vibomba vinavyoongoza shina la valvu). Fundi akitaka kuzisaga tu zile kuukuu na kuzirudisha, mwambie hapana. Na usimruhusu afunge injini kabla hajakifungua kipoza oili na kukisafisha ndani, maana huko ndiko uchafu wa oili ya zamani unakojificha.