Poda ya titani haitoi haidrojeni, platini inasaidia nini hasa?

mwanakemia3: Wakuu habari zenu, nipo mwaka wa tatu, projekti yangu ni kupasua maji kwa mwanga yawe haidrojeni na oksijeni. Nimekoroga titani dioksaidi kwenye maji safi nikapiga taa ya UV masaa matatu, haidrojeni hamna. Supavaiza kasema weka platini kidogo. Sasa kama anayekula mwanga ni poda, hako kaplatini kanafanya nini?

DadaElektroni: Mdogo wangu, mwanga ukiipiga poda elektroni inaruka inaacha tundu, na hivyo viwili vinatafutana, vikikutana tu mwanga wako umegeuka joto basi. Platini inaidaka elektroni kabla haijarudi, halafu ndo inaunganisha protoni ziwe haidrojeni, kazi ambayo uso wa titani haiwezi vizuri. Mwanga hauongezi, lile pengo la 3.2 eV, yaani nishati ambayo elektroni ya poda inahitaji ili iruke, linabaki vilevile. Na usijaze!! asilimia 1 ya uzito inatosha, ukizidisha inaziba mwanga.

mwanakemia3: Nimeweka dada, gesi ikaanza kutoka kidogo afu ikagoma. Nimechoka kweli

mzee_wa_maabara: Usikate tamaa. Platini hiyohiyo inazirudisha haidrojeni na oksijeni kuwa maji, hata gizani, kwahiyo ukifunga chupa unapata na kupoteza. Wajapani wa timu ya Kazunari Domen walitumia metali ya rodi (rhodium) badala ya platini, wakaivisha koti jembamba la kromi oksaidi, haidrojeni inatoka lakini oksijeni haiifikii rodi. Alafu kobalti wakaiweka nyuso nyingine za kristali ipokee matundu, maana molekuli moja ya oksijeni inataka matundu manne. Kinachonifurahisha mimi ni kwamba mwanga wenyewe ndo uliozipanga metali hizo, chumvi ya rodi inakuwa metali pale pale elektroni zinapotokea. Mwaka 2020 wakatangaza karibu 96% ya fotoni (chembe za mwanga) zenye urefu wa wimbi wa nm 350 hadi 360 zimefanya kazi, poda yao ikiwa stronti titaneti yenye alumini kidogo.

DadaElektroni: Ila hiyo ni UV, na jua lina UV kidogo sana. Paneli yao ya mita za mraba 100 mwaka 2021 ilifika kugeuza 0.76% tu ya nishati ya jua kuwa haidrojeni.

mzee_wa_maabara: Kweli kabisa. Kijana, kwa sasa tia methanoli, yenyewe itayamaliza matundu, oksijeni haitatoka na gesi yako haitarudi kuwa maji, ila kwenye ripoti andika wazi kwamba hapo hujapasua maji kikamilifu.