Msaada: nataka mimea ya chumbani inywe maji bila mimi kuwapo

MrehaniWaTudor

Salaam aleikum jamani. Nakaa Tudor, hapa Mombasa, ghorofa ya tatu, sina ua. Chumba cha nyuma kilichokuwa stoo nimekigeuza bustani: taa mbili za LED, feni ya ukutani, na vyungu 30 vya plastiki vya lita tano kwenye rafu mbili. Mna mrehani, nanaa, pilipili mbuzi na dhania. Udongo ni wa kawaida, nimechanganya na mboji na usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi. Si yale mambo ya kuotesha kwenye maji matupu.

Hadi leo namwagilia kwa kopo kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Mwezi ujao nina harusi Lamu, siku kumi. Safari iliyopita nilimwachia ufunguo mtoto wa jirani, naye akaipenda mimea yangu kupita kiasi, kila akiingia amimina. Nilirudi nikakuta mrehani umeoza mashina na chumba kimejaa vile vijimbu vyeusi vya udongo. Simlaumu. Nilimwambia "usiache ikakauka", na kweli hakuacha.

Sasa nimenunua taima ya mfereji, ya betri, na pipa la lita 100. Pipa nimelipandisha juu ya kabati ili maji yashuke yenyewe. Saa ikifika taima yalia "tk", lakini maji hayatoki, au yatoka kama machozi. Muuzaji asema taima ni nzima. Kosa liko wapi?

Na maji yetu mwayajua. Mfereji waja siku mbili kwa wiki, siku nyingine nanunua mitungi kwa mkokoteni au nachota kisima cha jengo.

FundiPaipu

Waaleikum salaam dada. Kwanza lishushe hilo pipa, leo hii, kabla hujamaliza kusoma. Lita 100 ni kilo 100, na kabati hilo naamini lilitengenezwa kwa kubeba kanga na shuka.

Muuzaji hakukudanganya. Taima yako ina vali ya solenoidi. Umeme wa betri hufungua kitundu kidogo tu, halafu presha ya maji yenyewe ndiyo huinua ule mpira wa ndani. Presha ikiwa ndogo mpira hauinuki, wasikia "tk" basi. Hesabu yake ni rahisi: kila mita moja ya urefu wakupa presha ya ba 0.1 (ba ndiyo kipimo cha presha). Juu ya kabati ni mita mbili, kwa hiyo una ba 0.2, na vali nyingi za namna hiyo zataka kama 0.5 kwenda juu. Wa kutumia pipa bila pampu hutafuta taima yenye vali ya gololi, inayozungushwa na mota bila kungoja presha. Hiyo utaijua kwa sauti: haisemi "tk", yasaga kama kisagio kwa sekunde kadhaa.

Lakini kwako wewe nisingepoteza pesa kwa taima nyingine. Weka pipa sakafuni, nunua pampu ya daiframu ya volti 12, betri, na taima ya volti 12 inayohesabu dakika. Stima ikipotea haikuhusu. Kutoka pampuni paipu ya milimita 16, kila chungu kijipaipu cha milimita 4 na dripu mwishoni, kile kidude cha kudondosha maji. Chukua dripu za kusawazisha presha, za lita 2 kwa saa, ili rafu ya juu na ya chini zipate sawa. Hizo kwa pipa la kabatini zisingefanya kazi, kwa pampu zitafanya.

Uzuri mwingine wa pipa kuwa chini: pampu ikizima, maji hayana njia ya kuendelea kujivuta. Kuna mteja wangu aliweka tenki juu na vyungu chini, pampu ikazima saa yake vizuri kabisa, maji yakaendelea kushuka yenyewe hadi tenki likabaki na matope. Alijua asubuhi, alipogongewa mlango na wa ghorofa ya chini.

mjomba_Likoni

Watu mwapenda mashine. Utambi wa kamba ya nailoni, ncha moja chunguni, nyingine kwenye chupa ya maji. Kwisha. Marehemu mamangu alifukia mtungi wa udongo kati ya miche ya mnavu, akijaza maji mara moja kwa siku kadhaa, maji yakitoka polepole kwenye vinyweleo vya mtungi. Hakujua taima ni nini.

FundiPaipu

Mjomba sikatai. Mtungi kwenye shamba ni kitu bora. Kwenye chungu cha lita tano utaufukia wapi, na mmea ukae wapi? Utambi sawa, lakini chupa 30, na nanaa humaliza chupa siku ya tatu.

BamburiShamba

Mimi nitakwenda kando kidogo. Dada, mmea mmoja wanywa kiasi gani kwa siku? Usiniambie kopo moja. Pima. Chukua mizani ya jikoni, mwagilia chungu hadi kichuruzike, kiache saa moja, kipime. Kesho saa ileile kipime tena. Kila gramu iliyopungua ni mililita moja ya maji. Fanya kwa mmea mmoja wa kila aina, siku tatu nne, taa na feni zikiwa kama kawaida. Bila namba hiyo, taima ni yule mtoto wa jirani kwa sura nyingine, humimina bila kuuliza.

Pili, maji ya kisima. Sisi twakaa juu ya jiwe la matumbawe, maji ya visima vya kisiwani yana chokaa, na mengi yana chumvi. Shambani mvua ya masika huja ikasuuza chumvi ikashuka. Chumbani kwako hakunyeshi kamwe! Maji huenda hewani, chumvi hubaki, mwezi baada ya mwezi. Angalia juu ya udongo: ukiona ukoko mweupe, ndiyo hiyo. Mwongozo wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ni kwamba maji yaliyo chini ya 0.7 dS/m (ndicho kipimo cha chumvi ya maji) hayana neno, na yakipita 3 mimea mingi huteseka. Kipimo cha mkononi si ghali. Maji ya kisima ukilazimika, changanya na ya mfereji, na kila baada ya wiki chache toa vyungu uvipitishe maji matamu mengi hadi yatiririke chini. Masika vipeleke kwenye paa la jengo vinyeshewe.

Na usumba uliununua wapi? Kama ni wa makumbi yaliyofukiwa ufuoni kwa ajili ya kamba, umeingiza bahari chunguni.

MrehaniWaTudor

Pipa limeshuka, fundi. Mume wangu amecheka mpaka amekaa.

Usumba ni huohuo wa makumbi ya baharini. Sikuwaza. Ukoko mweupe upo, nilidhani ni mbolea. Nimeanza kusuuza kwa maji ya mfereji, chungu baada ya chungu, mgongo wauma.

Nimepima siku nne. Mrehani wapoteza karibu mililita 200 kwa siku, pilipili 230 au 240, dhania 150, nanaa yapita 400. Sikutarajia tofauti hiyo, nilikuwa nikizipa zote kopo lilelile.

FundiPaipu

Sasa twaongea. Dripu ya lita 2 kwa saa hutoa mililita 33 kwa dakika. Weka dakika 7 kila alfajiri: chungu chapata kama 230. Nanaa ipe dripu mbili mbili. Dhania ivute karibu na feni ili ikauke upesi. Una mrehani ngapi, nanaa ngapi?

MrehaniWaTudor

Mrehani 12, pilipili 8, dhania 4, nanaa 6.

FundiPaipu

Basi dripu 36, ni kama lita 8.4 kwa siku, siku kumi lita 84. Pipa latosha. Na sikiliza hili: usilijaze hadi juu. Tia lita 90 tu, uondoke. Kisichokuwamo pipani hakiwezi kumwagika, lakini usipunguze zaidi ya hapo, pampu isije ikazunguka kavu. Chini ya kila rafu weka trei yenye mdomo na paipu irudi pipani. Betri na taima zipande ukutani, na waya wowote uning'inie chini kidogo kabla ya kuingia soketi, ili maji yakitambaa juu ya waya yadondoke sakafuni.

mjomba_Likoni

Na lifunike hilo pipa! Homa ya chikungunya ya mwaka 2018 mimi niliugua, magoti hayajanisamehe. Mbu wake huzaa kwenye maji masafi ya ndani ya nyumba.

BamburiShamba

Kabla ya Lamu fanya majaribio siku tano ukiwa nyumbani, mkono mfukoni, usiguse kopo. Chini ya kila dripu weka gilasi siku ya kwanza uone kama zalingana. Taa zipunguzie muda, saa mbili kila siku, ukiwa safarini, mimea itakunywa kidogo.

MrehaniWaTudor

Nimerudi na majibu ya siku tano. Mrehani umesimama, vijimbu vyeusi vimepungua kwa sababu udongo wa juu sasa wapata muda wa kukauka. Gilasi zote karibu sawa, isipokuwa tatu za mwisho wa rafu ya chini. Hizo zapata karibu mara mbili, na zaendelea kudondoka dakika nyingi baada ya pampu kuzima. Nimebadilisha dripu, hali ni ileile. Pilipili zilizoko hapo zimeanza kuwa njano.

FundiPaipu

Si dripu mbovu. Pampu ikizima, maji yaliyobaki kwenye paipu nzima hutafuta pa chini kabisa. Mita moja ya paipu ya 16 hubeba zaidi ya mililita 100, nawe una mita kama nane. Ziko dripu zinazojifunga presha ikishuka, ukizipata nunua.

mjomba_Likoni

Au weka nanaa hapo mwisho, dripu moja moja. Si ndiyo mlevi wa maji?

MrehaniWaTudor

Nimezihamisha, mjomba. Nanaa tatu mwisho, pilipili zimepanda rafu ya juu. Leo asubuhi gilasi chini ya nanaa ilikuwa na 410.