Naomba ushauri: ninunue coins za eFootball au niache?

Wakuu habari za saa hizi. Niko Mbagala, nacheza eFootball, ule mchezo wa mpira wa kwenye simu, na kuna kadi mpya za wachezaji nazitaka kweli, ila coins za bure (sarafu za humo ndani za kupatia wachezaji) zinaingia kidogo kidogo mno. Sasa kuna jamaa Kariakoo anauza kwa bei chini ya Play Store, unamlipa kwa simu tu, lakini anataka umpe imeili na nywila ya akaunti aingie mwenyewe aweke, hapo ndo moyo unasita maana coins za bei chee nyingine zinanunuliwa kwa kadi za benki za wizi, mwenye kadi akidai hela irudi wewe ndo unafungiwa akaunti na timu yote inaenda.

Kinachoniumiza kichwa zaidi, hata ukiwa na coins mara nyingi huchagui mchezaji unayemtaka, unabahatisha tu, unabonyeza anatoka beki hata benchi hakai. Ubelgiji 2018 walishasema kulipia kubahatisha namna hii ndani ya michezo ni kamari, EA, kampuni iliyokuwa inatengeneza mchezo wa FIFA, wakaacha kuuza FIFA Points (coins za mchezo wao) kule Januari 2019. Na mimi kodi ya chumba inakaribia, mdogo wangu yuko shule ananitegemea.

Mliowahi kununua, mnalipiaje kwa usalama? Ile kadi ya mtandaoni unayotengeneza kwenye simu Play Store inakubali? Na elfu kumi inapata kitu cha maana au nivumilie tu za bure?